Kelele za kasha la diski si amri ya Mungu

Kuna jibu moja nimelisikia mara nyingi hadi limenichosha. Muulize mtaalamu wa kompyuta hapa Bongo kwa nini kasha la diski linalia kama mashine ya kusaga mahindi. Atakuangalia kwa huruma, halafu atasema: "Bwana mdogo, seva ndivyo zilivyo." Mjadala umefungwa. Akiwa mwema kidogo ataongeza: "Utazoea tu."

Mimi sikubali, na wala sitazoea. Najua wapo washikaji zangu wa IT watakaoninunia wiki nzima kwa haya ninayoandika. Wanune. Lakini najua pia kuna vijana huko Sinza, Mbezi na Tabata ambao wakimaliza kusoma hapa watakimbilia bisibisi na mkasi, na hao nina ugomvi nao mkubwa zaidi. Kwa hiyo leo sina rafiki. Twende.

Kwa wale ambao Mungu amewaepusha na kitu hiki, kasha la diski ni sanduku la chuma linalobeba diski nyingi kwa pamoja, 12, 15 au 24, na kuziunganisha na seva. Lenyewe halifikirii chochote. Linazishika diski, linazipa umeme na kuzipoza, basi. Kwenye makasha mengi, ya Dell na NetApp kwa mfano, hizo kazi mbili za mwisho zimewekwa kwenye kifaa kimoja: feni zimo ndani ya pawa saplai, na pawa saplai zenyewe huchomekwa kwa nyuma, mbili au zaidi. Hewa inavutwa kutoka mbele, inapenya katikati ya diski, inapita kwenye pawa saplai, inatupwa nje nyuma. Ndiyo maana huwezi kuzungumzia kelele ya kasha bila kuzungumzia pawa saplai. Anayeigusa feni ameugusa umeme na joto kwa mkupuo mmoja.

Sasa hiyo kelele inatoka wapi? Inatoka kwenye uamuzi. Uamuzi wa binadamu, aliyekaa ofisini na kikombe cha kahawa. Raki za seva hupimwa kwa yuniti, na yuniti moja ni milimita 44.45. Kasha la yuniti mbili lina urefu wa milimita 89 hivi, na humo ndani kila kitu kimebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Feni inayoenea kwenye pawa saplai ya namna hiyo ni ndogo, mara nyingi ya milimita 40 au 60. Feni ndogo ikitaka kusukuma hewa nyingi kwenye njia nyembamba haina ujanja mwingine isipokuwa kukimbia. Inakimbia mizunguko elfu tisa, elfu kumi, hata zaidi ya hapo kwa dakika. Huo mluzi unaokuingia kwenye meno ni gharama ya kubana nafasi. Aliyeubuni aliona ni gharama ndogo, kwa sababu hailipi yeye. Kasha lilikusudiwa chumba kisicho na mtu, chenye kiyoyozi, chenye mlango mzito. Chama cha wahandisi wa vipoza hewa cha Marekani, ASHRAE, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye vifaa vya namna hii iwe kati ya digrii 18 na 27. Niambie, ni chumba gani cha kupanga Dar es Salaam chenye digrii 27 mwezi wa Februari?

Halafu miaka inapita. Kampuni ya Ulaya inabadilisha vifaa, kasha linauzwa kama mtumba, linapanda meli, linafika kwetu. Liko zima kabisa. Limetoka kwenye chumba kisicho na mtu na kuingia kwenye nyumba yenye watu kumi na saba. Na hapo ndipo mtaalamu anaponiambia ndivyo zilivyo!

Niwape kisa chetu ili msidhani nabishana na hewa. Tuko wanne, waandishi wa magazeti tofauti, tumepanga chumba kwenye nyumba ya vyumba sita. Humo tunahifadhi sauti. Mahojiano. Kanda za kaseti zilizohamishiwa kwenye kompyuta, na nyingine zilizorekodiwa moja kwa moja: makuli wa bandarini, waimbaji wa taarabu, wazee waliofanya kazi reli, walimu wa zamani. Mamia ya saa. Wengi wa waliozungumza humo wamekwishatangulia mbele ya haki, na magazeti waliyohojiwa kwa ajili yake hayakutunza hata nakala moja. Tukilipoteza lile kasha la diski 12 hatuna mahali pa kuwauliza tena.

Ukuta wa pili kuna mama mwenye kichanga cha miezi miwili. Umeme ukikatika usiku na kurudi saa tisa, kasha huamka kwa kishindo, feni zote zinapiga kasi ya mwisho kabla ya kutulia. Kichanga nacho kinaamka. Bibi mwenye nyumba, tulipompa shikamoo asubuhi moja, aliitikia marahaba halafu akauliza kwa upole kabisa: "Wajukuu zangu, hiyo ndege yenu inaruka lini?" Tulicheka. Yeye hakucheka. Akatupa hadi mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo ninaposikia "utazoea", najiuliza nani atazoea. Mimi? Kichanga? Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, imeweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane za kazi, na wataalamu wetu wanaipenda sana namba hiyo kwa sababu kasha halifiki hapo, basi eti hakuna tatizo. Huu ni usanii wa mchana kweupe. Desibeli 85 ni mpaka wa kuogopa kuwa kiziwi. Haumhusu mtu anayetaka kulala. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele ya usiku nje ya nyumba isizidi desibeli 40. Nje ya nyumba, jamani! Na kazi yetu sisi ni kusikiliza. Unavaa spika za masikioni, unarudisha nyuma mara nne kutafuta neno moja alilolimeza mzee wa miaka 80, na nyuma yako kuna kitu kinapiga mluzi. Utaandika alichosema au utaandika ulichodhani amesema?

Isitoshe, wanaodai kelele na diski ni mambo mawili tofauti hawajui historia ya fani yao wenyewe. Mwaka 2008 mhandisi wa Sun, Brendan Gregg, alipigwa video akiwa kwenye chumba cha seva akiyafokea makasha ya diski kwa sauti ya juu, na kwenye skrini grafu ikaonyesha diski zikichelewa kujibu pale pale. Ilichekesha dunia nzima, ila ilikuwa fizikia tu: kichwa kinachosoma diski kinaelea juu ya sahani inayozunguka, na mtikisiko unakitoa kwenye njia yake. Septemba 2016 benki ya ING huko Bucharest, Romania, ilijaribu mfumo wake wa kuzimia moto kwa gesi. Gesi ilitoka na kelele kubwa mno, diski zikaharibika, na huduma za benki zikasimama kwa saa kadhaa. Sisemi feni zetu zinafikia hapo, hata kwa mbali. Ninachosema ni kwamba anayeita ukimya "anasa" mbele ya mashine yenye diski hajafikiria vya kutosha.

Kambi ya pili ni ya wale wa "nunueni kipya" au "wekeni kwenye wingu". Hawa sitakaa nao sana. Anayeniambia ninunue kipya hajawahi kuuona mshahara wa mwandishi wa habari, na wingu analolisema ni kompyuta ya mtu mwingine inayodai kodi kila mwezi. Mwezi ambao gazeti limechelewesha mishahara, wazee wetu watazungumza wapi? Haya, tupite.

Kambi ya tatu ndiyo inayonitoa usingizi. Ni vijana wenzangu, wasomi, wenye moyo mzuri, walioona mahali fulani picha ya mtu amefungua pawa saplai, amekata waya wa feni, amebandika rezista, kelele kwisha, hongera. Nao wanataka kufanya hivyo hivyo leo jioni kabla ya mechi. Subiri kwanza, ndugu yangu.

Ndani ya pawa saplai, umeme wa volti 230 unageuzwa kuwa umeme wa mkondo mmoja na kupandishwa hadi karibu volti 380 au 400, unawekwa kwenye kapasita kubwa, ndipo unashushwa kuwa volti 12 za diski. Hiyo kapasita haijui kwamba umechomoa waya. Inabaki imeshiba. Kapasita ya mikrofaradi 330 yenye volti 380 imebeba karibu jouli 24, na hizo hazitoki taratibu, zinatoka zote kwa pamoja kupitia kidole chako. Kwa kawaida kuna rezista ya kuimwaga polepole. Kwa kawaida. Rezista nayo ni kifaa, na kifaa cha mtumba kinaweza kuwa kimekufa miaka mitatu iliyopita bila kumuaga mtu. Fundi wetu (jina lake nalihifadhi, hataki wateja wa bure) huchomoa, husubiri, halafu hupima kwa mita kwenye miguu ya kapasita kabla ya kugusa chochote. Hapimi kwa imani. Anataka kuiona namba ikiwa chini, na mkono wake wa pili unakuwa mfukoni. Kama huna mita, huna kazi ndani ya pawa saplai. Nenda kaangalie mpira.

Na kuna jambo la ethi, ambalo kwetu ni kasheshe. Makasha haya yana vichuja umeme ambavyo vinategemea waya wa ethi. Sasa nenda kaangalie nyumba tunazopanga: soketi ina matundu matatu, nyuma yake zimo waya mbili. Au plagi imekatwa mguu wa juu ili ienee. Ethi ikikosekana, bodi la chuma la kasha huelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Ukiligusa linakutekenya, watu wanasema "lina shoti kidogo". Mkondo huo ni mdogo, lakini unakwambia kwamba siku pawa saplai itakapoharibika vibaya, njia ya kwenda ardhini itakuwa ni wewe. Kabla hatujagusa feni hata moja tulimwita fundi umeme aivute ethi hadi chumbani kwetu. Bibi mwenye nyumba alifurahi, akasema angalau tumeacha kitu cha maana.

Haya, tuje kwenye usanii mkubwa kuliko wote. Feni ya seva haina waya mbili kama ile ya kwenye redio. Ina volti 12, ina ardhi, ina waya wa tatu unaotoa mapigo, kwa kawaida mawili kwa kila mzunguko, na mara nyingi wa nne unaopokea amri ya kasi. Huo wa tatu ni shahidi. Feni ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, kidhibiti kinahesabu mapigo 300 kwa sekunde na kinajua feni iko hai. Ukiipunguza mno, mapigo yanapungua, kidhibiti kinasema feni inakufa: taa ya chungwa inawaka, feni nyingine zinapandishwa hadi mwisho, au pawa saplai inajizima kabisa. Wajanja wamepata dawa. Wanaweka kichipu kidogo cha kutoa mapigo ya uongo. Feni inatambaa, au imesimama, au haipo kabisa, na kichipu kinaendelea kuripoti: hali ni shwari, mheshimiwa.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nimeona taarifa za namna hii zikisomwa kwenye mikutano ya waandishi, zimepigwa chapa vizuri, zina mhuri. Hali ni shwari! Halafu unaenda kwenye kata yenyewe unakuta zahanati haina hata panadoli. Kwa nini niingize tabia hiyo kwenye mashine inayotunza sauti za wazee wangu? Feni ikifa usiku wa Jumamosi, kitu pekee kinachoweza kuniambia ni ule waya wa tatu. Kuununua ule waya ni kuhonga shahidi. Katika yote niliyoyaandika hapa, hili ndilo sitakubaliana na mtu, hata awe na shahada tatu.

Lakini je, tunaweza kupunguza kasi bila kusema uongo na bila kuzichoma diski? Hesabu yake haihitaji uprofesa. Diski kubwa ikifanya kazi hula wati 7 hadi 10. Chukua 8, zidisha kwa 12, unapata 96. Ongeza kidhibiti na upotevu, sema wati 150 jumla. Ukitaka hewa itoke nyuma ikiwa imepanda digrii 10 tu, unahitaji kusukuma kama lita 12 na nusu za hewa kwa sekunde. Si tufani hiyo. Pawa saplai zetu ni za wati 600 kila moja, zimetengenezwa kubeba kasha lililojaa diski zenye uchu, hata pale mwenzake anapokufa. Sisi tunaitumia robo tu. Hata diski zote 12 zikiwaka kwa pamoja, kila moja ikivuta kama wati 24 kwa sekunde chache, ni wati 288. Kwa hiyo nafasi ya kupunguza ipo, na ni kubwa.

Faida yake nayo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kanuni za feni zinasema ukipunguza kasi kwa nusu, hewa inakuwa nusu, msukumo unakuwa robo, na umeme inaokula unakuwa thumuni. Kelele inashuka kwa kama desibeli 15, na sikio la binadamu huhesabu desibeli 10 kuwa ni nusu. Angalia lakini hiyo robo ya msukumo. Diski zimebanana, hewa inahitaji kusukumwa kwa nguvu ipite. Ndiyo maana feni nzuri ya kimya ya kompyuta ya mezani, nene milimita 25, inaweza kupepea vizuri hewani na ikashindwa kabisa kwenye kasha. Feni nyingi za seva zina unene wa milimita 38 au zaidi si kwa urembo.

Na hapa ndipo mapishi ya Ulaya yanapowadanganya vijana wetu. Mtu wa Hamburg amepunguza feni zake kwa theluthi mbili, anasema diski zake ni digrii 33. Kasha lake liko chini ya nyumba, kwenye digrii 17! Chukua kasha lile lile, na feni zile zile, uliweke kwenye chumba cha digrii 32, unaongeza digrii 15 kwa kila kitu. Watengenezaji wengi wa diski za seva wanaweka mpaka kwenye digrii 60. Namba za mtu wa Hamburg ni za Hamburg.

Ila nisiwatie hofu isiyo na sababu, maana kuna wataalamu wanaodhani diski ikifika 41 inasoma shahada. Mwaka 2007 watafiti wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walitoa utafiti wa diski zaidi ya laki moja, na hawakuona kwamba joto la wastani linaua diski kama ilivyoaminiwa. Madhara yalionekana kwenye joto la juu kabisa, hasa kwa diski zilizozeeka. Zilikuwa diski ndogo za enzi hizo, GB 80 hadi 400, kwa hiyo siichukui kama msahafu. Inanitosha kuwaambia watu kwamba 45 si msiba.

Sisi tulifanya hivi. Kwanza tuliliomba kasha kwa ustaarabu. Kuna lugha ya kuzungumza na makasha, SES, na programu ya bure iitwayo sg_ses inayoijua. Lugha hiyo ina ngazi za kasi za feni kuanzia 1, ya chini kabisa, hadi 7. Yapo makasha yanayotii, na mwenye nalo hahitaji kufungua skrubu hata moja, amshukuru Mungu. La kwetu lilitii kwa sekunde chache, likarudi kwenye kasi yake. Ndipo tukafungua pawa saplai, moja tu, huku ya pili ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani.

Fundi hakuamini rangi za waya. Alipima kila moja, kwa sababu viwanda havifuati rangi za aina moja. Hatukubandika rezista. Tulitafuta feni yenye ukubwa ule ule, unene ule ule na waya nne, ila yenye kasi ndogo ya mwisho, ili amri iendelee kupokelewa na mapigo yaendelee kuwa ya kweli. Kariakoo tulizunguka siku mbili. Aina ya kwanza kasha liliikataa: taa ya chungwa. Ilikuwa inazunguka chini ya kiwango kinachokubalika, ikasema hivyo, na kasha likaamini. Safi kabisa, ndiyo kazi ya shahidi. Tukaitoa, tukapata yenye kasi zaidi kidogo, ikakubaliwa. Mshale wa mwelekeo wa hewa ukaangaliwa mara mbili, kifuniko kikarudi, waya zikafungwa zisiguse mapanga. Kisha saa 24 za kusoma joto la kila diski kwa smartctl kila baada ya dakika kumi, dirisha limefungwa, mchana wa jua kali. Iliyopata joto zaidi ilifika 47, na kitambuzi cha pawa saplai yenyewe hakikusogea sana.

Kuhusu watengenezaji, nina neno. Umoja wa Ulaya una kanuni namba 2019/424 ya seva na vifaa vya kuhifadhi data, inayotumika tangu Machi 2020. Inataka vifaa hivi viunganishwe kwa namna isiyozuia kuvifungua kwa ajili ya kutengeneza au kutumia tena, na pawa saplai imetajwa humo. Inataka pia programu za ndani zipatikane kwa miaka mingi baada ya modeli kuacha kuuzwa. Vizuri sana. Lakini kufungua bila maelezo ni sawa na kupewa kitabu kilichofutwa maandishi. Kiwango cha chini cha kasi ya feni ni namba moja tu. Mpangilio wa waya nne ni mstari mmoja. Kwa nini tuutafute kwa mita na siku mbili za Kariakoo? Vifaa hivi vina maisha mawili, la kwanza kwao na la pili kwetu, na la pili mara nyingi ni refu kuliko la kwanza. Basi waandike vijitabu vyao kama watu wanaojua hilo. Kijana asiye na namba ndiye anayeishia kwenye mkasi na kichipu cha uongo.

Na wewe mtaalamu wa "ndivyo zilivyo", ungetumia dakika zile zile kumwonyesha kijana jinsi ya kupima kapasita. Elimu unayo, tena tuliilipia kwa kodi zetu. Unamnyima, halafu akipigwa na umeme unasema alijitakia.

Mama wa ukuta wa pili aliniuliza juzi kama tumeshamaliza, maana haoni tofauti. Ni kweli, na fizikia iko upande wake. Vyanzo viwili vya kelele vinavyolingana, ukinyamazisha kimoja kabisa, kelele inashuka kwa desibeli 3 tu. Sikio halijali. Ya kwanza inapumua kimya kimya pale nyuma ya kasha, ya pili bado inapiga mluzi wake wa kiwandani. Feni zake tumeshazipata, ziko kwenye mfuko wa nailoni juu ya meza. Fundi anakuja Jumamosi saa mbili asubuhi, na mwisho wa mwezi ni Jumanne.